Usimwite kwa Nyuma

Wiki iliyopita nilikwenda Saint-Josse, mtaa wa Brussels nilikokulia, kupeleka barua ya kuomba kazi kwenye ofisi za komini, yaani serikali ya mtaa, na nikiwa njiani mtu akaniita kwa nyuma. "Mademoiselle!" Ilikuwa sauti ya mwanamke, mara mbili, ya pili kwa haraka zaidi. Nilisimama, lakini sikugeuka. Nilibaki nikitazama mbele, bahasha nimeikumbatia kifuani, mpaka mwenyewe akanizunguka, akasimama mbele yangu akihema, akanipa nakala ya shahada yangu iliyokuwa imechomoka na kuanguka. Akaniuliza kama sikumsikia. Nikamwambia nilimsikia. Alinitazama kama unavyotazama mlango usiojua ni wa kuvuta au wa kusukuma, akaenda zake.

Jambo hilo nimelifikiria siku nne. Ndivyo nilivyo. Barua yenyewe ya kazi niliiandika mara kumi na moja, na bado nina wasiwasi na neno moja la mstari wa pili. Lakini wewe, kama ulikulia mtaa ule miaka ya tisini, katika jengo lenye mlango wa kijani, usingeniuliza kwa nini sikugeuka. Ungekumbuka mzee wa ghorofa ya pili.

Sisi tulikaa ghorofa ya tatu: mimi, mama na bibi. Chini kabisa palikuwa na duka la Mbengali, duka la mchele, dengu, vitunguu na samaki wa mtoni waliogandishwa hadi kuwa kama kuni. Ghorofa ya kwanza alikaa bibi wa Kibelgiji mwenye paka, na ya pili alikaa mwenye duka pamoja na mjomba wake. Huyo mjomba ndiye tuliyemwita Papa Waziri. Haikuwa kejeli. Kwao aliwahi kuwa waziri kweli, waziri wa chakula, na bibi yangu, aliyezaliwa Buyenzi pale Bujumbura na kuona mawaziri wengi wakija na kuondoka, alisema cheo cha muntu hakifutiki kwa sababu tu amehamia mahali penye baridi.

Kila asubuhi alishuka ngazi amevaa kanzu fupi nyeupe iliyopigwa pasi, na juu yake kizibao cheusi chenye vifungo vitano. Alikaa nyuma ya duka juu ya gunia la mchele, akasoma magazeti ya kwao yaliyochelewa wiki mbili, kwa makini kana kwamba jioni angeulizwa maswali bungeni. Mpwa wake alimtania bila kuchoka. "Monsieur le Ministre," alisema, "serikali imeanguka, vitunguu bado havijapangwa." Naye Papa Waziri alikunja gazeti taratibu, akapanga vitunguu kwa ukubwa, mstari kwa mstari, kama gwaride.

Urafiki wake na bibi ulianzia kwenye harufu. Siku moja bibi alikuwa akikaanga ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa Tanganyika waliokuwa wakiuzwa Matonge, mtaa wa Waafrika kwenye Chaussée de Wavre. Harufu ikajaa ngazi nzima. Bibi wa Kibelgiji akafungua mlango na kuufunga kwa kishindo, kama kawaida yake. Kisha tukasikia hatua zikipanda. Papa Waziri alisimama mlangoni kwetu, macho yamelowa, akaonyesha sufuria kwa kidole. Kwao pia walianika samaki, wakawaponda na pilipili na vitunguu na mafuta ya haradali, wakala kwa mkono. Alikuwa hajaonja samaki mkavu wa kuridhisha kwa miaka mingi. Bibi akamwambia aingie, aache viatu. Tangu siku hiyo alimwita bibi "Apa," yaani dada mkubwa, ingawa alimzidi umri, na kila Jumapili alipanda na chupa yake ya mafuta ya haradali.

Hawakuwa na lugha moja, lakini walikuwa na maneno. Dunia, kitabu, kalamu, sabuni, chapati, serikali: bibi akilitamka, yeye alilipokea, akalisema kidogo kwa namna ya kwao, wakacheka kama watu wanaorudishiana vyombo vilivyoazimwa zamani. Palipopungua maneno niliitwa mimi. Nilikuwa na Kifaransa cha shule, na yeye alikuwa na Kifaransa kilichovunjika alichokiokota dukani, na kwa hicho ndicho alichonisimulia maisha yake. Aliniita "Ma." Kwao msichana mdogo huitwa mama, na bibi alifurahi sana, maana hata kwetu ni hivyo.

Hivyo nilimjua mheshimiwa kabla sijajua jedwali la kuzidisha. Alizaliwa mahali ambapo mito ni mingi kuliko barabara, na wakati wa mafuriko mwalimu aliwafundisha ndani ya mtumbwi uliofungwa kwenye mti. Akiwa mwanafunzi alifungwa jela kwa kudai watu wake waruhusiwe kutumia lugha ya mama zao. Alitoka jela akawa wakili wa mahakama ndogo, akitetea wavuvi na wajane. Kisha siasa, kisha vita, kisha nchi mpya na bendera mpya, naye akapewa wizara.  Habari ya wizara hakunisimulia hata siku moja. Aliruka mpaka siku alipokuwa hapa Ulaya, ametumwa kuomba ngano, na katika chumba cha hoteli akasikia kwenye redio kwamba wanajeshi wameingia nyumba kwa nyumba na kuwaua wenzake. Orodha ilisomwa. Jina lake lilikuwemo, kwa makosa au kwa mapema. Sijui kama unaweza kufikiria jambo hilo, kusikia umeuawa ukiwa umeshika kikombe cha chai. Mimi nililifikiria sana, hasa nikiwa kitandani.

Alinifundisha kuhutubia. Nilisimama juu ya kreti, yeye akakaa kati ya magunia akiwa ndiye umma. Msemaji mzuri, alisema, huanza kwa sauti ndogo ili watu wasogee. Nikapaza sauti, akaziba masikio. "Ma, unawafukuza."

Alikuwa na jambo moja tulilolijua watoto wote wa jengo lile. Hakugeuka akiitwa kwa nyuma. Ukimwita akiwa anatembea, aliendelea kama kiziwi. Kwao, alinieleza, anayeanza safari hasemeshwi kwa nyuma, maana ni kuivuta nuksi imfuate. Ikitokea ameitwa akageuka, hana budi kurudi nyumbani, akae kidogo, anywe maji, ndipo aanze safari upya. Mpwa wake alisema si mila tu, ni woga. Kwamba mjomba, tangu siku ya redio, hakutaka kutazama kilicho nyuma yake. Vyovyote ilivyokuwa, ukitaka kumwambia neno ulikimbia, ukampita, ukasimama mbele yake. Bibi alinikumbusha kila aliponituma: "We mutoto, pita mbele yake. Usimuite mugongoni."

Sasa lazima nikuambie habari ya baba, maana bila yeye hutaelewa nilichokifanya.

Baba alisomea kilimo hapa Brussels, na mwanzoni alikaa nasi pale ghorofa ya tatu. Kiangazi cha 1993 watu wa kwetu walikuwa wakipigiana simu wakicheka. Palikuwa na uchaguzi, palikuwa na serikali mpya, na serikali ilikuwa ikiwaita wasomi warudi. Baba alipata barua yenye mhuri. Iliandikwa kwa adabu kubwa, na bibi aliniomba niisome mara mbili, kisha akasema maneno ambayo tulimcheka: "Ukiitwa kwa heshima nyingi, uliza kwanza kaburi limechimbwa wapi." Baba alisema angetangulia kutafuta nyumba, nasi tungemfuata baada ya mwaka wa shule. Pale uwanja wa ndege wa Zaventem nilimtazama mgongo wake, koti la kahawia, likielekea kwenye kioo cha polisi. Nilitaka kumwita. Nilikuwa na miaka saba, watu walikuwa wengi, nikaona haya. Hakugeuka. Oktoba wakamuua rais, na baada ya hapo simu ya Bujumbura ikawa inalia upande wa pili bila kupokewa. Hatukupata maiti, hatukupata hata shahidi. Bibi alikaa kwenye mkeka siku nyingi. Papa Waziri alipanda kila siku, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, akashuka. Ni yeye peke yake ambaye hakutuambia tusubiri habari njema.

Kwa hiyo, miaka mitatu baadaye, walipokuja wageni wawili na boksi la vitamu vya maziwa, mimi na bibi tulijua kabla ya mtu yeyote kutuambia. Walivaa suti, walimbusu mzee mikono, walimwita kwa majina marefu. Wanajeshi walikwisha kuondoka madarakani huko kwao, na chama chake cha zamani kilikuwa na nguvu tena. Walitaka agombee kiti cha mji wake. Tulimsikia akihutubia chini, kupitia sakafu, akianza kwa sauti ndogo. Bibi alivipokea vile vitamu kwa adabu, akaviweka juu ya kabati, na havikuliwa. Viliota ukungu wa kijani pale pale.

Majuma yaliyofuata jengo lilibadilika. Simu ya dukani ililia na mpwa akipokea, upande wa pili ulikata. Ikaja barua isiyo na stempu, ambayo mpwa aliisoma mara moja na kuichana vipande vidogo sana. Nilimsikia kwenye ngazi akimsihi mjomba wake kwa Kibengali, na ingawa sikujua neno, niliijua sauti. Mama alikuwa nayo Julai ile baba alipoondoka. Mzee alinunua sanduku. Alinyoosha vizibao vitatu. Kila nilipopita mlango wao nilihesabu vitu vilivyobaki ukutani, na kila siku kimoja kilikuwa kimeondoka.

Jumapili ya mwisho bibi alimuuliza, kupitia kwangu, kama ameshauliza kaburi liko wapi. Nilitafsiri huku nikiona aibu. Alicheka, akala ndagala wake.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumatano, siku ambayo shule hufungwa mchana. Nilikuwa na miaka kumi. Bibi hakushuka. Alisema amechoka kusindikiza watu, na kwa mtu wa Buyenzi hilo ni neno zito, maana kwetu mgeni humwachi mlangoni; unamsindikiza mpaka kona, na kona ikifika unamsindikiza kidogo tena. Alijaza ndagala kwenye kopo la maziwa ya unga, akafunga kifuniko kwa plasta, akanipa. "Mupelekee. Pita mbele yake."

Nilishuka. Gari la dukani lilikuwa ng'ambo ya barabara, mpwa amesimama kando yake na funguo mkononi. Papa Waziri alikuwa ameshatoka mlango wa kijani. Nikauona mgongo wake, kizibao cheusi, ukielekea barabarani.

Ningeweza kumpita. Hatua sita, saba labda. Miguu yangu ilikuwa mizuri na kopo halikuwa zito. Nataka ujue kwamba sikusahau. Watu wote walidhani baadaye kwamba mtoto alisahau, na mimi niliwaacha wadhani. Nilisimama kwenye kizingiti nikafikiri, kwa haraka ambayo sijawahi kufikiri tena hata kwenye mtihani: akigeuka, itabidi arudi, akirudi, atakaa, akikaa, ndege itaondoka. Na yule mwingine sikumwita.

"Papa Waziri," nikasema. Sikupaza sauti. Nilisema kwa sauti ndogo, kama alivyonifundisha.

Mpwa aliganda. Mzee alisimama katikati ya hatua, mguu mmoja kwenye ukingo. Alikaa hivyo muda ambao niliweza kusikia kengele ya mlango wa duka jirani. Kisha akageuka. Alinitazama, akatazama kopo, na usoni mwake ikaja tabasamu ambayo sikuitarajia hata kidogo, tabasamu ya mtu aliyekuwa akijiandaa kwa jambo baya sana akakuta ni mtoto tu.

Akarudi. Akapanda ghorofa zote tatu, mkono kwenye ukuta, mimi nyuma yake. Bibi alimwona mlangoni. Alivuta kiti, akajaza glasi ya maji, akakaa mbele yake. Ndipo akaongea, na mimi nikatafsiri papo hapo, hata sikupata nafasi ya kulia.

"Kaka, umeitwa," bibi alisema. "Kwenu munasema safari ya muntu aliyeitwa imeharibika. Bon. Donc imeharibika. Vua kizibao."

Alicheka kidogo. Alizungusha glasi juu ya meza. Kisha akaniambia nimwambie Apa jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, na hapo ndipo nilipoisikia habari ya wizara. Mwaka wa njaa, mchele ulikuwa kwenye mashua, na haukutosha. Aliletewa karatasi: mashua ziende mjini kwanza, ambako watu walikuwa wakiandamana, au ziende kwenye mito, ambako watu walikuwa wakifa kimya. Alisaini ziende mjini. Mji wake ulikuwa kwenye mito. Mama yake alikuwa huko, na yule mwalimu wa mtumbwini.

"Nilisaini kwa kalamu hii," alisema, akagusa kifua cha kizibao. "Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza. Wale wa kuniuliza wako kule, Ma. Sirudi kwa sababu chama kimeniita. Narudi kwa sababu wao hawakuniita."

Nilitafsiri vibaya, nina hakika. Kila mwaka natafuta maneno bora ya sentensi ile. Lakini bibi alielewa, maana alishusha mikono. Alisema tu, "Kunywa maji basi, yaishe yote."

Alikunywa yakaisha. Alikaa kidogo, kama mila inavyotaka, akatazama kile kiti cha dirishani. Chini honi ililia mara moja, kwa haya. Akasimama, akachukua kopo, akaweka mkono kichwani kwangu. Kwao mtu haagi kwa kusema anakwenda, husema anakuja. Akasema, kwa Kiswahili chetu, "Apa, ninakuja." Nikamsikia akishuka ngazi. Ndege hakuikosa.

Alishinda uchaguzi. Mpwa alibandika picha kwenye friji ya samaki: mzee kwenye maji ya mafuriko hadi magotini, mwavuli juu, watu wamemzunguka, anasikiliza. Barua moja ilikuja kwa bibi, mistari minne, ikisema ndagala waliisha siku ya tatu na kwamba ameanza kuulizwa. Bibi aliiweka ndani ya Kurani. Nikaanza kulala vizuri. Nilifikiri labda nuksi iliondoka kweli kwa yale maji, na kwamba mimi ndiye niliyeiondoa.

Kisha, alasiri moja ya baridi, nilirudi shule nikakuta duka limefungwa. Duka lile halikufungwa hata sikukuu. Nilipofika juu, mpwa alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile alichokalia mzee akinywa maji, na bibi alikuwa ameshamwekea glasi ya maji ambayo hakuigusa. Alieleza kwa Kifaransa, polepole, kwa bibi, bila kunitazama. Mkutano ulikuwa umekwisha. Mzee alikuwa akitembea kuelekea gari. Mtu akamwita kwa nyuma, si kwa cheo, kwa jina la nyumbani, na aliyekuwa ubavuni mwake amesema alisimama, akageuka akitabasamu.

"Alikuwa hageuki," mpwa alisema. "Miaka ishirini, maman. Mimi mwenyewe hakunigeukia."

Hakunitazama, na sijui mpaka leo kama ni kwa bahati au kwa huruma. Nimeligeuza jambo hilo kila upande. Huenda angegeuka tu. Huenda wangempiga risasi hata bila kugeuka. Lakini mimi ndiye niliyemfundisha kwamba anayekuita kwa nyuma anaweza kuwa anakupenda.

Nilimuuliza bibi mara moja tu, nikiwa mkubwa, mwaka wake wa mwisho, kama nilimuua. Alikuwa akichagua mchele. Akatoa jiwe, akaliweka pembeni. "Baba yako hakuna aliyemuita mugongoni," akasema. "Hakugeuka. Na hakurudi." Akaendelea na mchele wake. 

Siku ile ya bahasha, baada ya yule mwanamke kuondoka, nilikwenda hadi kwenye jengo letu. Mlango bado ni wa kijani, rangi nyingine ya kijani. Dukani sasa wanatengeneza simu. Niliingia kijana mmoja alipofungua mlango akitoka, nikasimama kwenye ngazi na kuvuta pumzi kama mwendawazimu. Hakuna kitu. Sabuni ya sakafu. Ndagala, haradali, paka wa bibi wa Kibelgiji, vyote vimekwenda, na kwenye kengele hakuna jina hata moja ninaloweza kulitamka kwa uhakika.

Nikatoka. Nikasimama pale ukingoni alipokuwa amesimama, uso kuelekea ng'ambo, kisha nikageuka, kwa sababu nilitaka kujua aliona nini siku ile. Aliona mlango, giza kidogo la ngazi, na mtoto aliyeshika kopo la maziwa kwa mikono miwili. Hayo tu. Mara ya pili sijui aliona nini. Ila walisema alikuwa akitabasamu, na mimi najua tabasamu ile ilikuwa ya nani.